Wakishabusiana kesi inakufa: nifanyeje na riwaya yangu ya mahaba na upelelezi?

#1 KalamuButu

Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Nina muswada wa riwaya, sura 31, London mwaka 1896. Edmund, karani wa ofisi ya wakili, anatumwa kuorodhesha mali za muuza vitabu vya mitumba aliyekutwa amekufa dukani kwake. Huko anakutana na Tobias, mpiga picha mwenye studio juu ya duka hilohilo. Wanaanza kuchunguza pamoja, wanapendana. Ndiyo, ni wanaume wawili. Asiyependa mada ya namna hii mlango uko wazi.

Tatizo ni hili. Niliwapa watu watano wausome, na wanne wakasema kitu kilekile kwa maneno tofauti. Hadi sura ya 9 wanataka kujua nani kaua. Sura ya 9 Edmund na Tobias wanabusiana kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha, na tangu hapo marehemu hana mwenyewe. Mmoja alikiri kwamba alikuwa anaruka kurasa za polisi ili awafikie wale wawili. Wa tano alilalamika kinyume: mahaba yanamchelewesha, yeye anamtaka muuaji.

Dai langu: hizi ni hadithi mbili zisizokaa nyumba moja. Fumbo linamtaka msomaji amshuku kila mtu, mahaba yanamtaka amwamini mtu mmoja. Nipingeni.

#2 MsomajiSugu

Muuaji ni mama mwenye nyumba. Endeleeni.

#3 Fundi Taharuki

Nakupinga, mkuu, na silaha umenipa mwenyewe. Kumshuku mtu huku unatamani kumwamini ndiyo taharuki yenyewe, unatafuta nini kingine?

Swali moja tu: Tobias ni mshukiwa? Kama hadi sura ya 9 hakuna anayehofia kwamba Tobias ndiye aliyeua, lile busu halijamgharimu Edmund chochote. Umewabusisha watu wawili walio salama. Msomaji alikuwa na swali moja moyoni, "watapendana au hawatapendana?", umemjibu, kafunga kitabu.

Weka dokezo moja baya dhidi ya Tobias kabla ya sura ya 9 na jingine baada yake. Ni mpiga picha, vidole vyake vina madoa meusi ya dawa. Madoa hayohayo yaonekane kwenye daftari la marehemu. Edmund alale usiku huo akijua kwamba mkono uliomshika shavu una jambo.

#4 Mhariri Mstaafu

Nimehariri riwaya za upelelezi kwa miaka mingi, na ushauri wa #3 ni mzuri kwa hadithi ya mwanamume na mwanamke kwenye jumba lenye mizimu. Kwa hadithi hii nina wasiwasi nao. Wahusika wa namna ya Tobias wamepewa kazi mbili tu kwa muda mrefu sana: kuwa muuaji au kuwa maiti. Ukiijenga hamu ya msomaji juu ya "pengine mpenzi wako ni mhalifu", unarudia walichosema waendesha mashtaka wa wakati huo, na sura ya mwisho ukimsafisha haitafuta kitu.

Kuna njia nyingine. Tobias ashukiwe na polisi, lakini msomaji na Edmund wajue wazi kwamba hakuua, kwa sababu saa ile ya mauaji alikuwa kitandani na Edmund. Ushahidi pekee wa kumwokoa na kitanzi ndio utakaowafunga wote wawili. Sheria ya Uingereza ya 1885 dhidi ya mapenzi ya wanaume, kifungu cha 11: hadi miaka miwili, pamoja na kazi ngumu au bila. Hapo huwezi kusogeza kesi hata hatua moja bila kugusa mapenzi, wala mapenzi bila kugusa kesi.

#5 Kivuli

#4 kamaliza. Modi funga uzi tukalale.

#6 MtotoWaMaktaba

Naongezea hapo kwa Mhariri: mwaka 1896 si adhabu ilikuwa bado ni kunyongwa? Basi hata hicho kitanzi kinawangoja wote, hoja inakuwa kali zaidi.

#7 Taa ya Kibatari

Hapana, ndugu. Adhabu ya kifo kwa kosa hilo iliondolewa Uingereza mwaka 1861. Wa mwisho kunyongwa walikuwa James Pratt na John Smith, Novemba 1835, nje ya gereza la Newgate. Baada ya 1861 ilikuwa kifungo, kuanzia miaka kumi hadi maisha, ila lile kosa kubwa, la ulawiti, lilikuwa gumu kuthibitisha mahakamani. Sheria ya 1885 ndiyo iliyoleta balaa jipya: "utovu mkubwa wa adabu" kati ya wanaume, hata faraghani, bila kueleza ni kitendo gani hasa. Miaka miwili inaonekana midogo, lakini wigo wake ulikuwa mpana kiasi kwamba barua moja ilitosha kumtia mtu jasho. Watu wakaibandika jina la leseni ya wanaodai pesa kwa vitisho.

Na hapa, KalamuButu, ndipo ninapotofautiana na #3 na #4 kwa pamoja. Hamhitaji mshukiwa wala kitanda. Mnahitaji *kitu*. Kitu kimoja kinachoshikika, ambacho asubuhi ni zawadi na jioni ni kielelezo cha mahakama.

Mfano upo, haukutungwa. Alfred Douglas, mpenzi wa mwandishi Oscar Wilde, alimpa kijana mmoja, Alfred Wood, nguo zake za zamani. Mfukoni zilibaki barua za Oscar Wilde. Wood akazitumia kutafuta pesa kwa Wilde, na baadaye moja ya barua hizo ikaishia kusomwa mahakamani. Koti la mtumba! Mwandishi akilibuni hilo tutamwambia kalazimisha.

Au ile kadi ya Marquess wa Queensberry, baba yake Douglas. Aliiacha kwenye klabu ya Albemarle tarehe 18 Februari 1895, ina tusi lenye kosa la tahajia. Bawabu akaitia kwenye bahasha. Wilde aliipata tarehe 28. Siku kumi ile kadi iko mikononi mwa bawabu! Nani mwingine aliiona? Hiyo peke yake ni riwaya.

#8 KalamuButu

Asanteni. Taa, nimeandika "koti" ukutani kwa chaki.

Mhariri, njia yako nimeipenda mpaka nikasimama, kisha nikakaa. Edmund na Tobias wanakutana *baada ya* kifo. Edmund anakuja dukani kwa sababu muuza vitabu kafa. Saa ya mauaji kila mmoja alikuwa kwake, hawajuani.

#9 Mhariri Mstaafu

Basi wajuane kabla.

#10 KalamuButu

Lile tukio la kukutana kwao ndilo nililoandika vizuri kuliko yote. Tobias yuko juu ya ngazi anashusha bango la studio, Edmund anadhani ni mwizi.

#11 Mhariri Mstaafu

Mwandishi akiniambia "ndilo nililoandika vizuri kuliko yote", kwa kawaida huwa tumeshampata anayezuia barabara.

#12 Kivuli

Hahaha. Mzee amestaafu kazi, mkasi haukustaafu.

#13 Fundi Taharuki

Suluhisho rahisi: kifo cha pili. Sura ya 14. Saa ya kifo hicho wako pamoja. Ngazi na bango vinabaki, mtego wa #4 unafanya kazi, na busu la sura ya 9 linapata gharama yake sura tano baadaye. Mnavyobishana utadhani maiti zina uhaba.

#14 NguzoYaNne

Hivi hamna mada nyingine? Mambo ya ajabu haya, halafu watu wazima mnashauriana.

#15 Modi

Mada ni ufundi wa hadithi. Ukiwa na la kusema kuhusu ufundi, karibu. Kama huna, pita salama. Bandiko la namna hiyo likijirudia linafutwa.

#16 Sarufi Mbovu

Nimesoma yote nikashangaa: mmeongelea sheria, mmeongelea koti, hakuna aliyegusa lugha. Mleta mada, unaandika kwa Kiswahili?

#17 KalamuButu

Ndiyo. Kwa nini?

#18 Sarufi Mbovu

Kwa sababu unakalia hazina, na pia unakalia bomu.

Hazina kwanza. "Alikuja jana usiku. Alikaa hadi mishumaa ikaisha. Nilipomshika mkono alitetemeka." Nani huyo? Mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakisemi, na hakuna anayekiuliza. Waandishi wa lugha nyingine wanajikunja kiuno kuficha jambo hilo, sisi tunalificha bila kukusudia. Unaweza kuwa na shajara ya marehemu, kurasa nzima za mahaba, na mpelelezi akatafuta mwanamke kwa sura kumi.

Sasa bomu. Hadithi yako iko London, wahusika wanaandikiana Kiingereza. Katika barua yao ushahidi unaofunga mtu unaweza kuwa kiwakilishi kimoja tu, "he", kile kinachoonyesha kwamba mpendwa ni mwanamume. Ukiileta barua hiyo kwa Kiswahili, kiwakilishi kinayeyuka! Inspekta anasoma, anabadilika rangi, na msomaji wetu anajiuliza kaona nini. Unafanyaje?

#19 MtotoWaMaktaba

Duh. Sikuwahi kuliwaza hilo.

#20 Taa ya Kibatari

Sarufi, hoja tamu, ila punguza kidogo. Barua ya mapenzi huandikwa kwa "wewe", na "wewe" ya Kiingereza nayo haina jinsia. Barua ya mapenzi iliyotiwa saini kwa herufi moja haimtaji mwanamume wala mwanamke kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Bomu linalipuka kwenye *shajara*, au barua kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo aina ya waraka inaamua nani anajua nini. Barua inaficha, shajara inasema.

Na kwa Kiswahili utatumia majina: "bwana yule", "kijana wa ngazini", "kaka mwenye vidole vyeusi". Inspekta anasoma "ndevu zake" na inatosha.

#21 Fundi Taharuki

"Ndevu zake" hahaha. Hapo hata MsomajiSugu angeng'amua.

#22 MsomajiSugu

Mama mwenye nyumba anaweza kuwa na ndevu.

#23 Mhariri Mstaafu

Nitoe angalizo kuhusu hazina ya #18 kabla vijana hawajaikimbilia. Ukificha jinsia ya mpendwa sura kumi, kisha ukaifichua kama kishindo, umefanya jinsia yake iwe ndiyo fumbo. Msomaji anashangaa, anafurahi, halafu? Mapenzi yao yamegeuzwa kichekesho cha mchawi anayetoa sungura kofiani. Atakayerudia kukisoma kitabu hataona mapenzi, ataona ujanja.

Wapotoshe polisi, msimpotoshe msomaji. Yeye ajue tangu ukurasa wa kwanza, na raha yake iwe kuwatazama polisi wakimtafuta mwanamke ambaye hayupo.

#24 Sarufi Mbovu

Mzee hapo tunapishana. Msomaji anayedhani ni mwanamke amejidanganya mwenyewe, mimi nimeandika "a-" tu. Akigundua, anagundua jinsi *yeye* anavyosoma. Hilo si sungura wa kofiani.

#25 Mhariri Mstaafu

Hilo ni somo. Sikulipia kitabu nifundishwe adabu.

#26 Sarufi Mbovu

Na ulipolipia ili udanganywe kuhusu muuaji ulifurahi.

#27 Kivuli

Nimeleta mkeka.

#28 Wino wa Siri

Naomba niingilie kama mwanamke, na kama mwandishi wa upande wa pili wa mada hii. Mimi naandika kuhusu wanawake wawili, kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 1830. Na kwangu shida ni tofauti kabisa, kwa sababu sheria haikuwagusa. Inasemekana Malkia Victoria alikataa kusaini sheria dhidi ya wanawake kwa kuwa hakuamini kwamba jambo kama hilo lipo. Kwa hiyo sina polisi, sina anayedai pesa kwa kifungu cha 11, sina kitanzi. Fumbo nalitoa wapi?

Nimelitoa kwenye shajara za Anne Lister, mwanamke mwenye mashamba wa hukohuko. Ni karibu maneno milioni 5, na takriban sehemu moja ya sita ameiandika kwa alama za siri alizochanganya herufi za Kigiriki na alama za hesabu. Humo ndimo alimoweka mapenzi yake kwa wanawake. Amekufa 1840. Miaka ya 1890 ndugu wa ukoo wake, John Lister, na rafiki yake mwalimu, Arthur Burrell, wakakaa kuzifumbua. Walikuwa wamekisia herufi mbili tu. Kisha wakaona kipande cha karatasi: "Kwa Mungu liko", na mbele yake alama nne. Wakakisia kwamba neno hilo ni "tumaini", ambalo kwa lugha yao lina herufi nne. Wakapata herufi zaidi, na usiku ule ule kazi ikaenda.

Fikirini: ufunguo wa siri yote ya mapenzi ulikuwa neno tumaini. Ningelibuni mimi mngenicheka.

Burrell alipoona kilichoandikwa alishauri zichomwe moto. John hakuzichoma. Alizirudisha nyuma ya mbao za ukuta wa nyumba, Shibden Hall, akanyamaza hadi kufa mwaka 1933.

Kwa hiyo jibu langu kwa #1: si lazima kuwe na maiti. Fumbo ni mapenzi yenyewe, mpelelezi ni msomaji, na wa kumchunguza ni yule mtu aliyejua akaficha bila kuharibu.

#29 Taa ya Kibatari

Wino, nimelipenda hili bandiko kuliko yote hadi sasa. Ila lile la Malkia Victoria ni hadithi ya mtaani. Hakuna muswada wowote kuhusu wanawake uliompelekea akaukataa. Kilichotokea kweli ni mwaka 1921, yeye ameshakufa miaka 20: wabunge walipitisha kipengele cha kuwaadhibu wanawake, Baraza la Mabwana likakikataa. Na sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba sheria hiyo itawafahamisha wanawake wengi jambo ambalo hawajawahi kulisikia.

#30 Wino wa Siri

Kumbe! Nimeiweka kwenye utangulizi wangu tangu mwaka juzi. Asante, naifuta leo. Lakini ya 1921 ni nzuri zaidi: serikali inatunza siri kwa kuogopa kuitaja.

#31 Fundi Taharuki

Wino, nakuheshimu, ila bila maiti mimi nalala ukurasa wa 40. Alama za siri zinafumbuliwa mara moja. Baada ya "tumaini" nini kinanivuta?

#32 Wino wa Siri

Kinachokuvuta ni kwamba zikishafumbuliwa zinaweza kuchomwa. Kila ukurasa mpya unaokupa mapenzi zaidi unaongeza sababu ya kuuharibu. Kama hilo halikukeshi, lala salama.

#33 Mpiga Lenzi

Mimi si mwandishi, nakusanya kamera za kale, nimevutwa na vidole vyeusi vya #3. Kidogo tu: madoa meusi ya kutisha ya chumvi ya fedha ni ya enzi za vioo vilivyopakwa dawa na kupigwa vikiwa vibichi. Kufikia 1896 wengi walikuwa wameshahamia vioo vikavu vya dukani. Lakini Tobias bado anaweza kuwa na vidole vya kahawia iliyokolea au vyeusi, kwa sababu dawa ya kusafishia iitwayo pairo ilitumika sana na inaganda kwenye kucha. Kwa hiyo vidole vinabaki, badilisha maelezo.

La pili la bure: wapiga picha wa zamani walitumia sianidi kugandisha picha. Studio ya kurithi ingeweza kabisa kuwa na chupa kuukuu nyuma ya kabati. Marehemu alikufa kwa nini?

#34 KalamuButu

Alipigwa na kitu kizito.

#35 Mpiga Lenzi

Pole.

#36 KalamuButu

Sasa nina koti, chupa, maiti ya pili na kiwakilishi kinacholipuka. Na bado sijajua nifanye nini na sura ya 9.

Niwaulize kingine. Mwisho wangu ni huu: alama za vidole za muuaji zinapatikana kwenye kioo cha picha, polisi wanazilinganisha, Tobias anaachiwa. Safi?

#37 Taa ya Kibatari

Si safi. Ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard, makao ya polisi wa London, ilianza 1901, na hukumu ya kwanza ya mauaji Uingereza kwa ushahidi huo ni ya ndugu wawili wa ukoo wa Stratton, 1905. Mwaka 1896 inspekta wako ataangalia kioo na kusema kichafu.

#38 KalamuButu

Nisogeze hadithi hadi 1905 basi?

#39 Taa ya Kibatari

Utapoteza 1895. London ya 1896 inatetemeka kwa sababu Wilde yuko gerezani tangu 1895 kwa sheria ileile, kila mwanamume mwenye barua kwenye droo anajua. Hiyo hofu usiiuze kwa alama ya kidole.

#40 Hapa na Pale

Nimechelewa. Nina swali la kijinga: kwa nini hofu iwe lazima? Mnazungumza kana kwamba mapenzi haya bila sheria juu yake hayana hadithi. Ufaransa ilifuta kosa hilo 1791. China ya enzi ya ukoo wa Han, Mfalme Ai alipendana na Dong Xian waziwazi, na simulizi maarufu ni kwamba alikata mkono wa joho lake ili asimwamshe mwenzake aliyelala juu yake. Siri ya hadithi ingekuwa urithi, ufisadi wa ikulu, au nani atatawala. Mapenzi yakawa tu mapenzi.

Nimechoka na siri ambayo kila mara ni ileile.

#41 Fundi Taharuki

Safi kwa China. Kwa Paris kumbuka kosa lilifutwa, polisi hawakufutwa. Karne ya 19 walikuwa na madaftari ya majina. Aibu, kazi na familia vilikuwa bado pale pale.

#42 Mhariri Mstaafu

#40 si swali la kijinga. Nimejiuliza mara nyingi. Lakini Dong Xian alijiua mara baada ya Mfalme kufa. Hata pasipo sheria, kipenzi cha mfalme ana adui kila mlango. Hofu imehamia mlango wa pili tu.

#43 Hapa na Pale

Lakini walimchukia kwa sababu ya *cheo*. Tofauti ni kubwa. Hofu hiyo angekuwa nayo hata angekuwa mwanamke.

#44 Wino wa Siri

Niulize wote: mwisho. Kila mmoja anaongelea katikati. Hadithi ya upelelezi mwisho wake unajulikana, watu wanakusanywa sebuleni, mpelelezi anasema kila kitu mbele ya kila mtu. Ukweli unatoka nje, ulimwengu unanyooka. Mapenzi ya Edmund na Tobias yanaishi kwa *kutosemwa*. Ukisema kila kitu sebuleni, umewafunga. Ukinyamaza, umemnyima msomaji wa tano haki yake.

KalamuButu anadhani shida iko sura ya 9. Mimi naona iko sura ya 31.

#45 Kivuli

Aisee.

#46 Fundi Taharuki

Basi sebule mbili. Ya kwanza na inspekta: Edmund anatoa maelezo yanayoingia akilini, muuaji anakamatwa, lakini kuna tundu dogo, dakika ishirini zisizoelezwa. Ya pili kitandani, wao wawili, tundu linazibwa. Msomaji ndiye pekee aliyekuwa sebule zote mbili.

#47 Taa ya Kibatari

Nimetetemeka. Ila inspekta naye alione tundu, asiulize. Hajawa rafiki yao, ila kuuliza kunamwongezea kazi.

#48 Mhariri Mstaafu

Inspekta anayenyamaza kwa wema ni ndoto ya leo tunayoivalisha kofia ya 1896. Akinyamaza kwa uvivu namwamini.

#49 Hapa na Pale

Wengine hawakuhitaji huruma ya mtu. Boulton na Park, wanaume wawili wa London, walikamatwa 1870 wakiwa wamevaa mavazi ya kike, barua zao zikasomwa mahakamani, na 1871 wazee wa baraza wakawaachia baada ya chini ya saa moja. Mbona mnadhani kila mlango uliishia gerezani?

#50 MtotoWaMaktaba

Mwandishi Mwingereza E. M. Forster aliandika *Maurice*, riwaya ya mapenzi ya wanaume wawili, 1913 na 1914, akaukatalia mwisho wa huzuni, na kitabu kikatoka 1971 baada ya yeye kufa. Kwa hiyo kwenye kitabu wapenzi walipata msitu wao, mwandishi akakaa na siri miaka zaidi ya 50. Sijui hili linathibitisha hoja ya nani.

#51 Sarufi Mbovu

Yangu. Kila kitu kinathibitisha yangu.

#52 NguzoYaNne

Niliambiwa nipite. Nimesoma hadi hapa. Hizo dakika ishirini za #46, Edmund atasema alikuwa wapi?

#53 Fundi Taharuki

Karibu, mkuu. Atasema alilala kwa Tobias kwa sababu mvua ilinyesha. Wanaume wawili kulala chumba kimoja, hata kitanda kimoja, lilikuwa jambo la kawaida, watu walibana matumizi. Anasema ukweli mtupu na hakuna anayemsikia.

#54 Mhariri Mstaafu

Hilo la mvua, KalamuButu, lichukue. Ni bora kuliko langu la #4.

#55 KalamuButu

Nimechukua. Taarifa baada ya wiki mbili: busu limehamia sura ya 16, baada ya maiti ya pili. Sura ya 9 sasa Tobias anampa Edmund koti lake la zamani kwa sababu ya baridi, basi. Msomaji wangu mmoja amerudisha akisema mapenzi yamechelewa mno, mwingine amesema hatimaye ameona fumbo. Ngazi na bango vimebaki, Mhariri nisamehe.

Kwenye mfuko wa koti bado sijaamua kuna nini.

#56 Wino wa Siri

Kisiwe barua.

#57 Taa ya Kibatari

Iwe barua!

#58 MsomajiSugu

Nimetumiwa sura ya mwisho kwa ujumbe binafsi. Mama mwenye nyumba hakuua mtu. Wiki mbili nimemsingizia mama wa watu. Alikuwa anajua kuhusu wale wawili tangu sura ya 2 na ndiye aliyeficha koti.

#59 KalamuButu

Wee! Nilikuomba usiseme.